Kijiko mkononi, bunduki chini: tangazo la Banania la 1915 lilivyoshawishi

Bango tunalolichambua hapa lilichorwa Ufaransa mwaka 1915 na mchoraji Giacomo de Andreis. Lilichorwa kwa ajili ya Banania, unga wa kukoroga kwenye maziwa ya moto asubuhi. Usuli wake ni wa manjano, manjano ile ya ndizi iliyoiva. Mbele yake ameketi chini askari wa Kiafrika wa jeshi la Ufaransa: tarbushi nyekundu yenye kishada, koti la buluu, bati la kulia, kijiko mkononi. Bunduki yake imewekwa kando. Anacheka mpaka meno yote yanaonekana. Jina la bidhaa limeandikwa kwa herufi kubwa, na pamoja nalo maneno mawili yaliyokuja kuvuma kuliko unga wenyewe: Y'a bon.

Sasa tafuta humo sababu ya kununua. Mtu aliyefundishwa shuleni kuchambua matangazo atakimbilia vivumishi: kitamu, bora, halisi, chenye afya. Kwenye bango hili vivumishi havibebi mzigo mkubwa. Kazi yote ya kushawishi amebebeshwa mtu, na mtu huyo si mnunuzi wala si mwuzaji. Mwaka 1915 askari kutoka Afrika Magharibi hakuwa na duka Ufaransa, wala si yeye aliyetarajiwa kununua kopo. Amewekwa hapo ili mtu mwingine anunue. Ukishajiuliza kwa nini yeye, na kwa nini katika mkao ule, bango zima linaanza kufunguka.

Tuanze na unga. Aliyeuanzisha ni Pierre-François Lardet, mwandishi wa habari wa Kifaransa aliyesafiri Nicaragua miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Huko alionja kinywaji cha unga wa ndizi, kakao, nafaka na sukari, akakipenda. Aliporudi Ufaransa akatafuta namna ya kukitengeneza, na mwaka 1912 biashara ikaanza. Kiwanda kilikuwa Courbevoie, kando ya Paris. Msomaji wa Bukoba au Masaka huenda akatabasamu kidogo hapa, maana mtu kusafiri hadi Amerika ya Kati kugundua kwamba ndizi hukaushwa na kusagwa si habari ya kumwamsha jirani. Lakini kwa Mfaransa wa 1912 ndizi ilikuwa tunda la mbali, la anasa, na unga wake ulikuwa kitu ambacho hakijawahi kuingia jikoni mwake.

Hilo ndilo tatizo la kwanza la kila anayeuza chakula kigeni. Ugeni ndio unaovuta mteja, na ugeni huohuo ndio unaomtia wasiwasi. Mama anayetaka kumpa mtoto kitu asubuhi hataki kubahatisha. Wauza unga wa aina hii walikwisha kulijua jambo hilo. Katika karne ya 19 kulikuwa na Racahout des Arabes, unga uliouzwa kwa jina la Waarabu ili uonekane umetoka mbali na una siri ya nguvu ndani yake, huku ukitengenezwa na kuuzwa na Wafaransa wenyewe. Banania nayo ilianza kwa njia iliyozoeleka: picha yake ya kwanza ilikuwa mwanamke wa visiwa vya Antili, huko Karibi, pamoja na ndizi. Picha nzuri, lakini haikuwa na habari yoyote ndani yake. Ilimwambia mnunuzi kwamba kitu hiki kimetoka nchi za jua, basi.

Agosti 1914 vita vikaanza, na Ufaransa nzima ikawa inazungumza habari ya askari.

Kikosi cha askari huyu wa bangoni, kilichoitwa tirailleurs sénégalais, yaani wapiga bunduki wa Senegali, kiliundwa mwaka 1857 na gavana Louis Faidherbe. Jina linadanganya, kwa kuwa wengi hawakutoka Senegali. Walitoka pia nchi tunazoziita leo Mali, Guinea, Burkina Faso, Ivory Coast na Benin. Mwaka 1910 Charles Mangin, afisa wa jeshi la kikoloni, alitoa kitabu kilichodai kwamba Afrika ina hazina ya wanaume wa kuiokoa Ufaransa siku ya vita. Vita vilipokuja, hazina hiyo ikachotwa: takriban askari 200,000 waliandikishwa Afrika Magharibi ya Kifaransa, na wapatao 30,000 hawakurudi.

Kabla ya kuwa mpole wa kwenye kopo, askari huyu alikuwa mtu wa kutisha katika vichwa vya Wazungu wengi, na sifa hiyo ilitengenezwa kwa makusudi. Magazeti ya Ufaransa yalimchora akiwa na panga lake pana, coupe-coupe, akiwafuata Wajerumani waliochanganyikiwa kwa hofu. Ilikuwa sifa yenye faida kwa upande wa Ufaransa. Propaganda ya Ujerumani ikaichukua sifa hiyohiyo na kuigeuza kuwa shutuma: Ufaransa inaleta washenzi kupigana na watu waliostaarabika. Hivyo mwaka 1915 Mfaransa wa kawaida alikuwa na picha mbili kichwani ambazo hazikupatana. Askari huyu ni mwokozi wetu. Askari huyu ni mkali mno, na sasa yuko ndani ya nchi yetu, hospitalini, kwenye treni, barabarani.

Bango la de Andreis linazipatanisha picha hizo mbili kwa kitendo kimoja cha mkono. Bunduki imewekwa chini, kijiko kimeshikwa. Askari bado ni askari; sare ipo, silaha ipo, kwa hiyo ulinzi upo. Lakini mkono uliotakiwa kuogopwa una shughuli ya kula. Hata kuketi kwake kuna maana. Mtu aliyesimama anaweza kukusogelea. Aliyeketi chini na bati la chakula unamtazama kutoka juu, kama mwenyeji anavyomtazama mgeni aliyekwisha karibishwa. Hakuna neno hata moja lililosema "usiogope", na kama lingeandikwa lingeharibu kila kitu, kwa sababu mtu akiambiwa asiogope huanza kutafuta cha kuogopa.

Rangi nazo zinasukuma upande huohuo. Manjano inaita ndizi, na jua la nchi za mbali. Juu yake kuna buluu ya koti, wekundu wa tarbushi na weupe wa meno, na Mfaransa hahitaji kuelekezwa hizo ni rangi za bendera ya nani. Ugeni umevalishwa bendera. Unga uliotoka Nicaragua kwa wazo, na kwa ndizi na kakao za nchi za joto, umekuwa kitu cha kizalendo bila mtu kudai hivyo kwa maneno. Historia ya kampuni husimulia pia kwamba Lardet alipeleka mabehewa ya unga wake kwa askari waliokuwa mstari wa mbele. Iwe ilikuwa ukarimu au hesabu za biashara, habari hiyo ililingana na bango. Anayenunua kopo anashiriki vita kwa namna yake, akiwa mezani kwake.

Kuna jambo jingine katika picha hii ambalo mimi naliona zito kuliko rangi, nalo ni nani anamlisha nani. Kwenye bango, Mwafrika anakula na kufurahi. Aliyempa chakula haonekani, lakini tunamjua: ni Ufaransa, ni kiwanda cha Courbevoie, ni wewe mnunuzi. Furaha yake inasomeka kama shukrani. Ukiitazama hali halisi, mambo yalikwenda kinyume. Ndizi, kakao na wanaume vyote vilitoka nchi za joto kwenda Ulaya. Aliyelishwa ni yule anayetazama bango. Lakini picha ina uwezo ambao sentensi haina. Sentensi ikisema "Ufaransa inailisha Afrika", mtu anaweza kuinuka akasema si kweli. Picha ya mtu mwenye kijiko anayecheka haisemi uongo wowote unaoweza kuunukuu. Inakuachia wewe umalizie, na jambo ambalo mtu amelimalizia mwenyewe huliamini kama wazo lake.

Maneno mawili

Tufike kwenye Y'a bon. Kwa Kifaransa cha kawaida mtu aliyependa chakula husema "c'est bon". Y'a bon ni kauli iliyovunjika. Inachukua "il y a", yaani kuna, na kuibandika kwenye kivumishi pasipofaa. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu. Kauli hiyo kwetu ni "iko mzuri". Ukiisikia tu unaiona sura ya anayesema, au tuseme unaiona sura uliyozoeshwa kuiona.

Kifaransa hiki kiliitwa petit-nègre, na watu wengi waliamini ndivyo Waafrika wanavyozungumza wakiachwa wenyewe. Ukweli unachekesha na kuuma kwa pamoja. Mwaka 1916 jeshi la Ufaransa lilikuwa na kitabu chake cha mwongozo kuhusu Kifaransa cha askari hao. Kiliwaelekeza maofisa namna ya kuzungumza nao: toa vitenzi vilivyonyumbulishwa, ondoa vibainishi, tumia maumbo machache yaleyale. Yaani lugha iliyovunjika ilipangwa kwa utaratibu na kufundishwa kambini, kisha ikatumika kama ushahidi kwamba mwanafunzi hawezi zaidi ya hapo. Mchoraji Lucie Cousturier, aliyeishi karibu na kambi za Fréjus, kusini mwa Ufaransa, alijitolea kuwafundisha baadhi ya askari hao Kifaransa na mwaka 1920 akaandika juu yao. Alieleza jinsi wenyewe walivyogundua, kwa kuona watu wanavyocheka, kwamba walipewa Kifaransa cha askari weusi tu. Walidai kile kingine.

Afrika Mashariki tuna ndugu wa karibu wa jambo hili. Jeshi la kikoloni la Waingereza, King's African Rifles, lilikuwa na Kiswahili chake kilichopunguzwa, kilichoitwa KiKAR, na walowezi wa Kenya walikuwa na Kisetla chao cha kuamrishia wapishi na vibarua. Tofauti ni kwamba Kisetla kilikuwa kinywani mwa bwana, na aliyekisikia jikoni aliweza kumcheka kimoyomoyo. Kwenye bango la Banania lugha iliyovunjika imewekwa kinywani mwa mtumishi, ili bwana acheke.

Sasa angalia kaulimbiu hiyo inavyofanya kazi kibiashara, maana ina ufundi na tusijifanye haina. Ni fupi. Inatamkika kwa pumzi moja. Ina mlio, na inaungana vizuri na jina la bidhaa, kwa vile sauti ya b inarudi: bon, Banania. Muhimu zaidi, mtoto mdogo anaweza kuisema, kwa sababu imefanana na maneno ya mtoto anayeanza kuzungumza. Na mtoto ndiye mnywaji. Tangazo limemshusha mtu mzima aliyebeba silaha hadi kimo cha mtoto wa miaka minne, wakakutana hapo, wakawa marafiki. Ndiyo maana Wafaransa walikuja kumwita mhusika huyu "rafiki Y'a bon". Ni rafiki asiye na jina lake mwenyewe. Jina lake ni ile sentensi aliyowekewa mdomoni.

Kuna hadithi inayosimuliwa kuhusu mwanzo wa maneno haya: askari mmoja wa Kiafrika aliyejeruhiwa alikuwa akifanya kazi kiwandani Courbevoie, akaonja unga, akasema "Y'a bon". Sikiliza hadithi hiyo kama sehemu ya tangazo, isiyotenganishwa nalo. Ni ushuhuda, mbinu kongwe kuliko magazeti: mtu asiye na maslahi kaonja, kasifu. Nguvu ya ushuhuda hutegemea unyofu wa shahidi. Tajiri akisifu tunasema kalipwa. Daktari akisifu tunauliza anafanyia nani kazi. Askari huyu anahesabiwa kuwa hajui hila, na lugha yake iliyovunjika ndiyo inayothibitisha hivyo. Angesema "c'est bon" kwa sarufi safi, angekuwa mtu wa kawaida mwenye maoni yake, na maoni ya mtu wa kawaida yanaweza kubishwa. Makosa ya sarufi yamegeuzwa kuwa muhuri wa ukweli. Ujanja huu kwangu ndio kiini cha bango zima, na ndio unaofanya dharau iliyomo isiwe pambo la pembeni. Dharau ndiyo inayouza.

Kuhusu unga wenyewe, matangazo na makopo ya baadaye yalisema zaidi. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba ni kifungua kinywa kitamu, chenye sukari, cha unga wa ndizi. Neno sukari limewekwa mbele kwa kujivuna. Wakati huo sukari ilikuwa nguvu, na nguvu ilikuwa jambo la kwanza kwa wazazi walioogopa kifua kikuu na upungufu wa damu. Leo kampuni ingelihamishia neno hilo nyuma ya kopo, kwa herufi ndogo.

Yasiyochorwa

Mchambuzi wa picha hujifunza haraka kuhesabu vitu ambavyo havipo. Kwenye bango hili hakuna baridi. Askari kutoka Afrika Magharibi waliugua sana mapafu wakati wa majira ya baridi, kiasi kwamba jeshi likawa linawaondoa mstari wa mbele na kuwapeleka kambi za kusini, Fréjus ikiwemo, mpaka hali ya hewa ibadilike. Hakuna tope la mahandaki. Hakuna mwenzake hata mmoja. Yuko peke yake kwenye manjano tupu, mahali pasipo nchi wala tarehe, na hilo nalo ni uamuzi wa mchoraji. Usuli usio na mahali humfanya mtu awe alama.

Hakuna pia namna alivyofika hapo. Kuanzia Novemba 1915, vijiji vingi katika eneo ambalo leo ni Burkina Faso na Mali viliinuka kupinga wanaume wao kuchukuliwa jeshini. Vita hivyo, vinavyojulikana kama vita vya Volta-Bani, viliendelea hadi 1916 na vilizimwa kwa mizinga na kuchoma vijiji. Mwaka uleule. Huku kuta za Ufaransa zinabandikwa mtu anayecheka, kule anakotoka watu wanakufa ili ndugu zake wasipelekwe. Sidai kwamba de Andreis alijua. Huenda alipewa kazi, akapewa rangi, akachora vizuri. Mchoraji hahitaji kuwa na nia mbaya ili picha ifanye kazi mbaya.

Aprili 1917, kwenye mapigano ya Chemin des Dames, Mangin aliwapeleka askari hawa kwenye shambulizi lililovunjika vibaya, na maelfu yao wakauawa au kujeruhiwa. Hilo pia halikumbadilisha mtu wa kwenye kopo. Aliendelea kucheka.

Wapo Wafaransa wanaomtetea, na hoja yao haifai kupuuzwa. Wanasema bango lilikuwa heshima kwa askari wa Afrika, kwamba watoto walimpenda, kwamba katika nyumba nyingi ndiye Mwafrika wa kwanza kuonekana na alionekana kwa wema. Upendo huo nauamini. Makopo yalitunzwa kabatini, mabango ya bati yakabaki ukutani kwenye maduka kwa miaka. Lakini hoja hiyo inathibitisha kazi ya tangazo kuliko inavyolitetea. Tangazo lenye chuki ya wazi halingeuza kifungua kinywa. Lilihitaji upendo, na likaupata, kwa sharti kwamba mpendwa abaki ameketi, amenyamaza isipokuwa maneno mawili, na anacheka.

Na kadiri miaka ilivyopita, sharti likawa kali zaidi. Wachoraji waliofuata walimpunguza. Mwili ukatoweka, miguu ikaenda, bunduki ikaenda. Miaka ya 1950 Hervé Morvan, mmoja wa wachora mabango hodari wa Ufaransa wakati wake, alikuwa amembakisha karibu uso tu: tarbushi, macho, meno. Kwa ufundi wa usanifu ni kazi safi. Inasomeka kutoka upande wa pili wa barabara. Lakini angalia kilichochujwa. Askari wa 1915 alikuwa walau na kazi, sare na silaha, vitu vinavyomtia katika historia fulani ambayo Ufaransa ina deni ndani yake. Uso wa miaka ya 1950 hauna deni lolote. Umebaki kicheko.

Ndiyo maana Léopold Sédar Senghor, mshairi wa Senegali, hakulenga unga, wala kampuni. Katika shairi lililoandikwa Aprili 1940 na kuchapishwa baada ya vita, lililoelekezwa kwa askari hao wa Kiafrika, aliapa kuvirarua vicheko vya Banania kwenye kuta zote za Ufaransa. Alichagua kicheko. Senghor alikuwa mwalimu wa sarufi ya Kifaransa, Mwafrika wa kwanza kufaulu mtihani mgumu wa agrégation katika fani hiyo, na wakati anaandika alikuwa mwenyewe amevaa sare. Miezi michache baadaye alitekwa na Wajerumani. Mtu kama huyo anapopita mbele ya ukuta uliobandikwa "Y'a bon", kuna vita vya ana kwa ana kati yake na bango kuhusu nani anajua Kifaransa. Mwandishi Frantz Fanon naye, mwaka 1952, alipokuwa anaeleza jinsi mtu mweusi anavyojikuta amevalishwa hadithi za wengine kila macho ya Mzungu yanapomwangukia, aliitaja kaulimbiu hii miongoni mwa mizigo hiyo. Alikuwa ametoka Martinique, hakuwa Msenegali, hakuwa na uhusiano wowote na kiwanda cha Courbevoie. Bango halikuuliza.

Banania haikuwa peke yake. Marekani unga wa chapati za maji wa Aunt Jemima, ulioanza 1889, uliuzwa kwa sura ya mpishi mweusi mwenye kilemba aliyesema Kiingereza kilichovunjwa kwa makusudi, na jina hilo liliachwa rasmi 2021. Ujerumani chokoleti ya Sarotti ilikuwa na mtumishi mweusi mwenye nguo za Mashariki tangu 1918. Mwaka 2004 wakamgeuza mchawi wa mazingaombwe na kumbadilisha rangi ya ngozi kuwa dhahabu. Nchi tatu, bidhaa tatu zinazoingia mdomoni asubuhi au baada ya chakula, na kila mahali mtu mweusi anahudumia au anashukuru. Chakula ni kitu cha ndani ya nyumba, na kinapotangazwa kinahitaji uso wa kukiingiza ndani. Uso uliochaguliwa ulikuwa wa mtu ambaye mnunuzi hakuwa na hofu ya kulingana naye.

Kaulimbiu Y'a bon iliondolewa kwenye matangazo mwaka 1977. Miaka ya 2000 kampuni ya Nutrimaine, iliyokuwa imeichukua Banania, ikairudisha kama alama ya biashara, na vyama vya kupinga ubaguzi vikaenda mahakamani. Wakati kesi zinaendelea, mwaka 2009, chama cha Les Indivisibles kilichoanzishwa na mwandishi wa habari Rokhaya Diallo kilizindua tuzo za kejeli zilizoitwa Y'a bon Awards, zikitolewa kwa watu mashuhuri wa Ufaransa kwa kauli zao za kibaguzi. Maneno yaleyale mawili, ila sasa aliyetajwa na kuchekwa alikuwa waziri, mtangazaji au mwandishi.

Mwaka 2011 Mahakama ya Rufaa ya Versailles iliiamuru Nutrimaine iache kuuza chochote chenye kaulimbiu hiyo. Amri ililenga maneno, jambo linaloeleweka, kwa kuwa maneno yana mipaka: yameandikwa au hayakuandikwa. Tarbushi nyekundu na tabasamu haviamuliki kirahisi hivyo, na vyote viwili viliendelea kutumika kwenye makopo baada ya hukumu, juu ya usuli uleule wa manjano.